Sponji Chafu ya Marehemu Mume Wangu

Tangu utoto wangu nililelewa katika nyumba ambayo uchafu ulihesabiwa kuwa aibu. Mama yangu aliamka kabla jua halijachomoza, akafagia uwanja, akasugua masufuria kwa majivu mpaka yakang'aa, nasi binti zake tukajifunza kwamba mwanamke hupimwa kwa sakafu yake. Mafunzo hayo nimeyashika hadi leo wala siyajutii. Lakini mara moja katika maisha yangu usafi uliniponza, tena uliniponza vibaya. Na kwa kuwa naona tangi la samaki limeanza kuwa pambo la sebule katika nyumba za watu wa kawaida, nimeona si vema kuificha habari hii. Msomaji mwenye samaki nyumbani huenda ikamfaa, na asiye nao huenda akapata jambo la kufikiri.

Sisi tunakaa Buyenzi, hapa Bujumbura. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkimya, mwenye kupenda mambo yanayokwenda polepole. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50, yaani lita 200 za maji likijaa. Ndani yake alifuga aina moja tu ya samaki wa ziwa letu la Tanganyika, waliotoka kwenye fukwe za mawe kusini ya mji. Ni samaki wadogo, rangi yao kama chai ya maziwa, na mkia wao umechongoka pembe mbili kama mwezi mchanga, wenye ukingo mweupe unaoelekea buluu. Wataalamu huwaita Neolamprologus brichardi. Jina hilo la Brichard walipewa mwaka 1974 na mtaalamu wa Kibelgiji, Max Poll, kwa heshima ya Pierre Brichard, ambaye zama hizo alikuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura kuwapeleka ng'ambo.

Marehemu aliwapenda samaki hao kwa sababu moja. Jike hutaga mayai katika ufa wa jiwe, na watoto wa uzao wa kwanza hawaendi zao wanapokua. Hubaki pale pale, wakawalinda wadogo zao wa uzao wa pili, wakaondoa mchanga mlangoni kwa vinywa vyao, na kumfukuza kila mgeni anayekaribia. "Tazama," mume wangu alizoea kuniambia, "hawa wanajua maana ya ukoo."

Jambo moja tu la tangi lile lilitugombanisha, nalo ni chujio. Lilikuwa sanduku dogo la plastiki lililofungwa kwa kifuniko, lenye pampu ya umeme, na ndani yake mlikuwa na sponji moja nene na kokoto kiasi. Kila baada ya mwezi mmoja hivi mume wangu aliteka maji ya tangi lenyewe katika beseni, akaitia sponji humo, akaikamua mara tatu au nne mpaka maji yakawa kama uji wa udongo, kisha akairudisha mahali pake hali ingali kahawia. Mimi nikitazama moyo uliniuma.

"Bwana," nilimwambia, "huko ndiko kuosha? Bomba liko hapo nje."

Naye alicheka. "Mama watoto, hii haisuguliwi. Hupunguzwa mzigo tu."

Hakuniambia zaidi, wala mimi sikuuliza. Laiti ningeuliza.

Mume wangu alifariki mwaka 2019. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyo desturi yetu, na muda wote huo hakuna aliyeligusa chujio. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka minane, ndiye aliyewapa samaki chakula kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Alikuwa na daftari ambamo Babu yake alimfundisha kuandika idadi yao. Siku nilipotoka edani daftari lilisema samaki 23.

Nilipomaliza eda niliazimia kuisafisha nyumba yote, kwa maana huzuni nayo hujaa vumbi. Nilitoa mapazia, nikafua mazulia, nikapaka kuta chokaa. Mwishoni nikalifikia tangi. Maji yalikuwa yanatoka katika chujio kwa shida, kama mkojo wa mzee. Nilifungua kifuniko nikaikuta sponji imejaa tope, ina harufu ya udongo wa mtoni. Niliitupa jaani. Kokoto nilizimwagia maji ya moto mara tatu, nikazisuuza bombani mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikaenda dukani nikanunua sanduku la pete ndogo za kauri, nyeupe kama meno ya mtoto. Juu ya sanduku paliandikwa kwamba lita moja ya pete zile ina uso wa mamia ya mita za mraba, na kwamba ndiyo makao bora kabisa ya bakteria wenye manufaa. Sikujua bakteria wenye manufaa ni nini, lakini bei yake ilinifanya niamini. Nilijaza chujio, nikafunga, nikawasha. Jioni ile maji yaling'aa kama machozi. Nililala nikiwa na furaha, nikidhani nimemfanyia marehemu hisani.

Siku ya pili samaki hawakula sawasawa. Siku ya tatu walipanda juu, wakawa wanatwetea midomo ikigusa hewa, na mashavu yao yamekuwa mekundu. Siku ya nne tuliokota wanne chini. Mjukuu wangu alikuwa akiandika daftarini bila kusema neno: 19, kisha 14, kisha 11. Siku ya sita alinitazama akaniuliza, "Bibi, ulipowaoshea nyumba samaki wa Babu, uliwatia nini?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeyatazama maji yale mara mia, nayo yalikuwa safi kuliko wakati wowote wa uhai wa mume wangu.

Katika mtaa wa pili yupo mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu, ambaye ujanani mwake alifanya kazi ya kuwafungasha samaki hai kwa ajili ya safari za ndege. Nilimtumia mjukuu akamwite. Alipofika hakulitazama tangi kwanza, alilitazama chujio.

"Shemeji," akasema, "ile sponji ya zamani iko wapi?"

"Niliitupa, Mzee."

"Na kokoto?"

"Nilizimwagia maji ya moto."

Alikaa kimya kidogo, kama mtu anayesikia habari za msiba. Kisha akasema, "Umewafukuza wapangaji wote siku moja, ukaleta nyumba mpya isiyo na mtu."

Hapo ndipo alipoketi akanieleza yale ambayo mume wangu alikuwa akiyafanya kwa miaka bila kuyasema. Nitayaeleza hapa kwa namna nilivyoyaelewa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Samaki hula, na kile anachokula hutoka katika mwili wake kikiwa sumu iitwayo amonia, ambayo kwa sehemu kubwa hupitia katika mashavu yake. Chakula kilichobaki na kuoza huongeza sumu hiyo hiyo. Ziwani amonia hupotea katika wingi wa maji, lakini katika lita 200 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria ambao macho hayawezi kuwaona. Kundi la kwanza, ambao miongoni mwao ni Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa maana huizuia damu isichukue oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache sana, nasi tunaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Zamani vitabu vyote vya ufugaji vilisema kundi hilo la pili ni Nitrobacter. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Na mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba wamo Nitrospira wawezao kuifanya kazi yote wenyewe, kutoka amonia mpaka nitrati.

Bakteria hao hawapendi kuelea majini. Hushika kitu kigumu, wakajijengea utando wa ute, wakakaa humo. Kwa hiyo maji ya tangi yenyewe yana bakteria wachache sana. Wenyeji wako katika kokoto, juu ya mawe, na zaidi katika chujio, mahali maji yanapopita bila kukoma yakiwaletea amonia na oksijeni. Ile rangi ya kahawia niliyoichukia katika sponji haikuwa uchafu mtupu. Humo ndimo walimokuwa wakiishi. Maji ya moto huwaua, na maji ya bomba la mji wetu, ambayo hutolewa ziwani na kutiwa klorini ili yasitudhuru sisi, huwadhuru wao, kwa kuwa klorini haichagui bakteria mbaya na mwema.

Tena kulikuwa na jambo la pili lililozidisha hasara yangu, nalo linawahusu hasa wafugaji wa samaki wa Tanganyika. Maji ya ziwa letu si kama maji ya mto au ya mvua. Kipimo chake cha pH huwa karibu na 9, ilhali maji yasiyoelemea upande wowote huwa 7. Amonia katika maji huwa na sura mbili, moja kali na moja isiyo na ukali mwingi, na pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani kitakuwa katika sura ile kali. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, kwa pH ya 7 sehemu ile kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH ya 9 hufikia kama asilimia 36. Hivyo kosa ambalo mfugaji wa samaki wa mtoni hulifanya akasamehewa, mfugaji wa samaki wa Tanganyika hulifanya akazika.

Mzee alituamuru mambo matatu. Tusiwape samaki chakula kwa siku mbili, kisha tuwape kidogo kuliko mazoea. Tubadilishe theluthi moja ya maji kila siku, kwa maji ya bomba yaliyolazwa usiku kucha katika pipa lililo wazi yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Na tatu, alikwenda kwake akarudi na kipande cha sponji kutoka katika chujio lake, kikiwa kahawia kama kile nilichokitupa, ndani ya mfuko wenye maji kidogo na hewa. Alikitia katika chujio letu mbele ya zile pete nyeupe. Nilimwuliza kipande kidogo vile kitafanya nini. Akasema, "Shemeji, wewe unagandisha maziwa kila siku. Unatia kiasi gani cha maziwa ya jana?" Nikaelewa.

Walibaki samaki 9. Mjukuu wangu aliandika 9 siku ile, na kesho yake 9, na juma zima 9, na mimi nikawa nafungua daftari lile kabla ya kufungua mlango wa jikoni.

Ndugu msomaji, tangu siku zile nimelifanya chujio kuwa elimu yangu. Nimejaribu kulijaza vitu vya namna nyingi, vingine vya dukani na vingine vya jikoni kwangu, na sasa nitasema nilichokiona, maana swali la kwanza ninaloulizwa na wageni ni hili: nijaze nini?

Watu wengi huanzia pale nilipoanzia mimi, kwenye hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku. Hesabu yenyewe ina msingi wa kweli. Chukua kipande cha sabuni chenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Kikate vipande vya milimita moja moja, utapata vipande 1,000, na nyuso zake ukizijumlisha ni sentimita 60 za mraba. Kitu ni kile kile, lakini makao yameongezeka mara kumi. Kwa sababu hiyo kitu chenye matundu mengi hushinda jiwe laini la mtoni. Lakini hesabu ya sanduku huhesabu hata matundu madogo mno. Bakteria mmoja ana ukubwa wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Tundu lisilomzidi sana yeye mwenyewe haliwezi kumfaa. Na hata lile linalomzidi kidogo huzibwa upesi na ute wake, maji yasipite, na pasipopita maji hapana oksijeni. Ukubwa wa nyumba hauna maana ikiwa mlango umezibwa. Kumbe pete zangu hazikuwa mbaya. Zilikuwa tupu tu, na matundu yake mengi hayakuwa na faida kubwa kama nilivyoaminishwa.

Kwa hiyo sasa nauliza maswali manne juu ya kitu chochote kabla sijakitia katika chujio. Je, maji yatapita ndani yake kwa urahisi? Je, kitakaa majini miaka bila kuoza wala kuyabadilisha maji? Je, kina uso wa kutosha? Na je, nitaweza kukisafisha bila kuwaua waliomo? Mpangilio wa maswali haya nimeuweka kwa makusudi. Swali la uso, ambalo wauzaji huliweka kwanza, mimi naliweka la tatu.

Sponji hujibu vizuri yote manne, na ndiyo maana mume wangu hakuiacha. Chagua yenye matundu makubwa, kama 20 hadi 30 kwa kila inchi. Iliyo laini zaidi huziba upesi. Imwagie maji juu. Yakipita mara moja, inafaa. Nilijaribu kipande cha godoro nikakiondoa, kwa sababu magodoro mengine hutiwa dawa kiwandani, na mengine matundu yake hayakufunguka, maji yakawa yanazunguka nje yake badala ya kupita ndani.

Mawe ya volkeno ni mema sana na gharama yake ni ndogo. Kuna wanaotuletea kutoka upande wa Goma, katika nchi ya Kongo, ambako milima Nyiragongo na Nyamulagira imeyamwaga kwa wingi. Ni mepesi, yana matundu ya kila ukubwa, wala hayaozi. Yavunje yawe kama kokwa la parachichi, uyasuuze mpaka vumbi liishe. Kasoro yake ni kwamba tope likiingia katikati ya matundu ni vigumu kulitoa. Hivyo lazima yatanguliwe na sponji.

Magae ya vyungu na vipande vya matofali ya kuchoma hufaa pia, mradi yasiwe yamepakwa rangi wala yasiwe na mng'ao. Kokoto za kawaida hufanya kazi, ila uso wake ni mdogo, basi zahitajika nyingi. Dodoki la plastiki la kuoshea vyombo, jipya, lisilo na sabuni wala waya wa chuma, lilinishangaza: maji hupita ndani yake bila kizuizi, na baada ya miezi miwili lilikuwa na ute mzuri. Lakini dodoki la asili, lile linalotoka katika mmea, huoza likiwa majini, na kitu kinachooza huongeza amonia badala ya kuipunguza. Makumbi ya nazi ni vivyo hivyo.

Makaa yamewadanganya wengi. Yale makaa maalumu ya chujio hunyonya harufu, rangi na mabaki ya dawa, kisha baada ya majuma machache hushiba. Kazi yake si ya kuondoa amonia, na makaa ya jikoni hata hiyo kazi yake haiwezi kuifikia.

Vipande vya makombe au mawe ya chokaa ni habari nyingine. Ukitaka kulijua jiwe la chokaa, lidondoshee siki. Likitoa povu ndilo. Kwa samaki wa maji laini halifai. Kwa samaki wetu konzi moja ina faida, kwa maana bakteria wanapogeuza amonia hutoa asidi, na asidi hiyo huyala yale madini yanayoishikilia pH ya maji isishuke. Tangi lisilobadilishwa maji kwa muda mrefu hupoteza tabia yake ya ziwa polepole, wala jicho halioni.

Na upange kwa zamu yake. Maji yakutane kwanza na sponji ya matundu makubwa ili izuie kinyesi na mabaki ya chakula, kisha yaingie katika mawe au pete. Ukianza na mawe, yatazibwa na tope kabla ya mwaka kuisha.

Liko jambo jingine ambalo sisi tuishio na umeme unaokatika hatuwezi kulisahau. Bakteria wa chujio wanatumia oksijeni nyingi. Pampu ikisimama, maji yaliyomo ndani ya sanduku lililofungwa huishiwa hewa baada ya saa chache, nao huanza kufa. Na umeme ukirudi, pampu huyasukuma maji hayo mabovu juu ya samaki. Ziwa lenyewe linatufundisha: Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini huko chini hamna oksijeni, na samaki wote huishi katika tabaka la juu. Basi umeme ukikawia, mimi hulifungua chujio, nikaitoa sponji na mawe na kuyaweka ndani ya tangi lenyewe, kisha nikayatikisa maji kwa kikombe, nikichota na kumimina. Mjukuu wangu hupenda zamu hiyo usiku, kwa mwanga wa tochi.

Mwisho nimefika katika kuosha. Sasa chujio letu lina sponji mbili. Hukamua moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, wala siziguzi zote mbili siku moja. Huzikamua katika beseni la maji yaliyotolewa tangini. Mawe siyagusi isipokuwa maji yamepungua nguvu, na hata hapo huyatikisa nusu tu. Kitu kipya nikikitia, cha zamani hukiacha kando yake kwa majuma sita, kwa sababu wenyeji wapya huchukua kama majuma manne hadi sita kujaa mahali papya. Kila juma hubadilisha robo ya maji.

Miezi saba baada ya msiba wetu ule wa pili, mjukuu aliniita asubuhi. Katika ufa wa jiwe kubwa mlikuwa na vitoto vidogo kama ncha za sindano, na mbele ya ufa wamesimama samaki wawili wa wale 9, na mwingine mdogo wao anafukuza hata kivuli cha kidole chetu. Mtoto hakuweza kuwahesabu. Aliandika daftarini "wengi", akaniuliza kama Babu angekubali neno hilo. Nilimwambia angekubali.

Mwaka jana binti yangu naye alinunua tangi kwa nyumba yake. Alitaka kwenda dukani kununua kila kitu kipya. Nilimzuia. Nilikata nusu ya sponji moja, nikaifunga katika mfuko na maji yake ya kahawia, nikampa kama vile mama yangu alivyonipa kibuyu chenye mbegu ya maziwa siku ya kuolewa kwangu. Aliunusa mfuko akakunja uso. "Mama," akasema, "ina harufu ya udongo."

"Ndiyo," nikamwambia. "Baba yako aliitunza miaka mingi, mimi nikaiua siku moja. Hii ni ya kukopa kwa rafiki yake. Usiipeleke bombani."

Sakafu yangu naifagia bado kabla jua halijachomoza, na masufuria yangu yanang'aa. Lakini chini ya meza ya tangi liko beseni kuukuu la marehemu, lenye mstari wa kahawia usiotoka ukingoni. Wageni wakiliona huniuliza kwa nini silisugui. Naliacha lilivyo.